Kocha Aliyeniangusha Mbele ya Simu

Miguu yangu imeonwa na watu wengi kuliko uso wangu. Ukitafuta vizuri mtandaoni bado utaikuta: miguu miwili myeusi inapaa juu ya kichwa cha mzungu mwenye shingo nene, inazunguka, inatua chini kwa kishindo, kisha mzungu anageuka kuitazama kamera na kutabasamu kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Mzungu huyo alikuwa kocha wangu wa judo pale mtaa wa Beechmont, mjini Louisville, Marekani, kwa muda wa miaka mitatu. Jina lake silitaji. Alilitaja vya kutosha yeye mwenyewe. Sisi tulimwita Kocha.

Alikuwa Mhungaria, na kwao aliwahi kuchezea timu ya taifa. Hilo ni kweli, nililihakikisha, maana kuna kipindi nilianza kutilia shaka hata rangi ya macho yake. Lakini umaarufu wake wote ulitokana na sekunde tisa. Katika mashindano makubwa ya Ulaya, asubuhi moja, alimpiga mweleka bingwa wa dunia wa wakati ule: alimshika kola, akajipenyeza chini ya kifua chake, akambeba begani kama gunia na kumbwaga chali. Mtu aliirusha picha ya video ya mweleka ule mtandaoni miaka mingi baadaye, ikapendwa, ikasambaa, na Kocha, ambaye wakati huo alikuwa ameshaachwa na timu, akaamka siku moja akajikuta anafuatwa na watu kutoka Brazili hadi Ufilipino.

Picha ile haikuonyesha alasiri ya siku ileile, pale alipoangushwa na kijana asiyejulikana, akafungasha nguo zake na kwenda zake nyumbani. Mashindano yalikuwa ya siku nzima. Kocha alikuwa wa sekunde tisa.

Mwaka wa kwanza nilipomfahamu aliniambia kwamba siku ile alimaliza wa saba. Mwaka wa pili akawa wa tano. Mwandishi wa kigazeti cha mtaa alipokuja kumhoji, nilimsikia kwa masikio yangu akisema wa tatu. Nilimwambia kwamba akiendelea hivyo, kufika Krismasi atakuwa ameshinda. Hakucheka. Alisema Kiingereza chake ni kibaya, tarakimu zinamchanganya.

Louisville alifikishwa na mwanamke mmoja aliyempenda kwa ajili ya zile sekunde tisa. Ndoa yao ilidumu majira mawili ya baridi. Ilipovunjika, Kocha alibaki na mikeka ya mazoezi, gari kubwa la zamani, na ruhusa ya kutumia ukumbi wa chini wa kanisa letu siku tatu kwa wiki.

Mimi nilijifunza judo nikiwa kijana, tukivuka mpaka kutoka Uvira kwenda Bujumbura, kwenye ukumbi wa parokia moja ambako mwalimu Mrundi alitufundisha kwa fimbo na kwa upendo, fimbo zaidi. Nilifika mkanda wa kahawia. Halafu vita, halafu kambi ya Tanzania, ambako tulicheza kwenye mchanga kwa miaka hadi wenzangu walipoacha mmoja mmoja. Marekani nilipata kazi ghalani, kupanga maboksi, kuanzia saa kumi alfajiri. Niliona tangazo la Kocha kwenye ubao wa kanisa, nikaenda. Aliniuliza ninajua nini. Niliinama kwa heshima, akanishika kola, akanitupa. Nilipiga mkono chini kama nilivyofundishwa, nikainuka.

“Unaanguka vizuri,” alisema.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia mke wangu. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba Kocha hakuwa anatafuta mwanafunzi. Alikuwa anatafuta mtu wa kuanguka.

Simu yake ilikuwa na kistendi cha miguu mitatu, na kistendi hicho kilisimama pembeni ya mkeka kabla hata sisi hatujavua viatu. Alikuwa na kawaida ya kusimamisha zoezi katikati ili alihamishie karibu na dirisha. Mtu ameshashikwa, ameshanyanyuliwa, Kocha anasema, “Hapana, nywele zangu,” anamshusha polepole, anajitengeneza, anaanza upya. Jumamosi moja aliniangusha mara thelathini na tisa kwa ajili ya picha moja ya nusu dakika. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine huko juu hewani.

Mke wangu alikuja siku hiyo kunichukua. Alisimama mlangoni na koti lake, akatazama hadi mwisho. Ndani ya basi akaniuliza, “Donc weye unaangushwaka kila siku, na yeye haangukake hata mara moja?”

“Yeye ndiye kocha.”

“Bon. Hata mwalimu wa hesabu anaandikaka kwenye ubao.”

Na huyo ndiye mwanamke aliyewahi kumnyamazisha Kocha kabisa. Kocha alipenda kujisifu kwamba kwao wanakula pilipili kuliko taifa lolote; alitembea na kikopo cha unga mwekundu na kuunyunyiza hata kwenye mayai. Mke wangu alimkaribisha chakula, akamwekea pilipili yetu kwenye kisosi, akamwonya achovye kidogo. Kocha akachota kijiko. Tulimwona akitafuna, akiacha kutafuna, macho yakimjaa machozi, shingo ile ikibadilika rangi hadi masikioni. Alipoweza kusema, alisema ana mzio wa maua. Ilikuwa mwezi wa kwanza, nje theluji hadi magotini.

Alikuwa na misemo. “Sakafu haidanganyi” ndio alioupenda zaidi, na aliuandika kwa herufi kubwa ukutani, mahali ambapo ungeonekana nyuma yake kwenye picha. Mwingine ulikuwa “Kwanza heshima.” Huo aliutumia mtu alipochelewa. Yeye alichelewa kila siku.

Nikisema hakuwa na kitu nitakuwa mwongo kama yeye, kwa hiyo niseme alichokuwa nacho. Alikuwa na mikono. Sijawahi kushikwa na mikono kama ile. Ukimkabili unahisi anajua unakotaka kwenda kabla hujaamua. Na alijua kufundisha kuanguka. Watoto wa Beechmont, Wakongo, Wanepali, Wakuba, aliwapanga mstari mmoja akawafundisha kukunja kidevu, kuzungusha bega, kupiga mkono chini. Binti wa jirani yetu, wa miaka saba, aliteleza kwenye barafu kituoni mbele ya macho yangu. Alikunja kidevu, akapiga kiganja kwenye barafu, akasimama, akaendelea kula biskuti yake. Mama yake alimwombea Kocha kwa sauti Jumapili iliyofuata.

Kuna wiki moja simu yake iliharibika ikawa kwa fundi. Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko miaka yote mitatu. Alikuja kwa wakati. Alinirekebisha mguu wa kushoto, kosa nililotembea nalo tangu Bujumbura na ambalo hata fimbo ya mwalimu wangu haikuliona. Aliniacha nimtupe, nikashindwa, akasema, “Tena,” nikashindwa tena, akasema, “Tena.” Nilifikiri tumepata kocha. Siku simu iliporudi, alijipiga picha saba kabla ya kutusalimia.

Sasa nifike kwenye baba yangu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa tatu. Nilikuwa nimetoka ghalani moja kwa moja, sijala, na Kocha alikuwa ameshanitupa kwa saa mbili. Akasogeza kiti mbele ya simu, akaniambia nikae.

“Sema kuhusu vita,” alisema. “Sema jinsi judo ilivyokuokoa.”

“Judo haikuniokoa. Tuliokolewa na lori.”

“Basi sema chochote kwa lugha yako. Watu wanapenda lugha. Ongea kwa huzuni.”

Huzuni haikunilazimu kujitahidi. Niliitazama simu nikasema kwa Kiswahili, nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeyasikia mara nyingi mno tangu siku hiyo: “Nimechoka. Nimetoka kazini, sijala. Huyu bwana ananiangusha toka saa nane. Nataka kwenda nyumbani nilale, kesho naamka saa tisa.” Nikajifuta jasho usoni kwa mkono. Kocha akasema ni safi kabisa, akanikumbatia.

Aliirusha Jumatatu. Chini ya picha, kila nilipofungua mdomo, yalipita maneno ya Kiingereza: Walimuua baba yangu mbele yangu. Sikuweza kulala tena. Nikakutana na Kocha huyu. Judo imenirudishia baba. Na pale nilipojifuta jasho, aliweka muziki wa piano.

Watu walilia dunia nzima. Wazungu waliandika aya ndefu. Picha ile ilipita zile sekunde tisa, ikaziacha mbali. Sikujua kitu kwa siku nne, kwa sababu sikuwa na mazoea ya kumtazama Kocha wakati ambao silazimiki.

Baba yangu alikuwa hai. Alikuwa kambini Tanzania, mzee mwenye meno yake yote, mzee wa kanisa, mpiga kinanda. Alhamisi ile vijana wawili wa kambini wanaojua Kiingereza waliiona picha, wakayasoma maneno yake. Hawakuisikiliza, sauti ya simu yao ilikuwa mbovu. Ijumaa asubuhi wanawake wa kwaya walifika nyumbani kwa baba na kilio, wakamkuta anachonga mpini wa jembe.

Mdogo wangu aliyebaki naye kambini ndiye aliyenipigia. “Umemufanya nini mzee?” alisema. “Watu banasema weye unamutangazaka amekufa ili wazungu bakuhurumie.”

Nilimweleza. Aliielewa, kwa kuwa yeye aliisikiliza. Lakini baba hakutaka kuelezwa. Kwetu mtu hamtaji mzazi wake kuwa amekufa hata kwa mzaha; ni kama kumchimbia kaburi angali hai. Nilipopiga, alimpa mdogo wangu simu.

“Anasema nini?” niliuliza.

“Anasema marehemu hapokeake simu.”

Nilipanda basi siku hiyohiyo hadi ukumbini. Kocha alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu imekunjwa, anasoma maoni ya watu na kutikisa kichwa kwa uchungu kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa.

“Futa,” nilimwambia. “Baba yangu yuko hai. Amesikia kwamba mimi nimesema amekufa.”

Alinitazama kwa huruma ya kweli, hilo ndilo lililonikera zaidi. “Rafiki yangu, yuko hai kwenye maisha,” alisema. “Kwenye video ni hadithi. Watu wanaelewa hadithi.”

“Yeye haelewi.”

“Klabu moja ya mji wa Columbus imetualika kwa sababu ya video hii. Mimi na wewe. Nitaifuta baada ya Columbus. Naapa.” Akaweka mkono kifuani, juu ya neno heshima lililoshonwa pale.

Kama ningekuwa mtu niliyejidhani kuwa, ningeondoka. Lakini nilitaka ifutwe, na mwenye kidole cha kufuta alikuwa yeye. Nikasema nitakwenda.

Wakati huo wanaojua Kiswahili walikuwa wameshaigundua. Wakenya, Watanzania, Warundi, watu wetu wa Kivu waliotawanyika kila mahali, walisikia nilichosema na kusoma kilichoandikwa, wakacheka hadi wakaumwa mbavu. Wakaanza kuandika neno moja chini ya kila picha ya Kocha. Anapiga push-up, wanaandika: Nimechoka. Anakunywa maziwa: Nimechoka. Anatazama jua likichomoza: Nimechoka sana, kesho naamka saa tisa.

Kocha alinijia akiwa amefurahi, simu mkononi. “Hili neno ni nini? Watu wako wananiandikia kila siku. Mamia.”

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, alikuwa ameuliza kwa adabu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alitaka kujua nimesema nini. Nikafikiria baba akichonga mpini huku wanakwaya wanamlilia.

“Maana yake ni shujaa,” nilisema.

Alilirudia mara kadhaa ili alipate. Wiki iliyofuata alikuja na kimono kipya cheupe cha judo, na mgongoni, kutoka bega hadi bega, kwa uzi mweusi, limeshonwa: NIMECHOKA. Akaniomba nimpige picha. Nilimpiga. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Alisema, “Sasa muko wawili.”

Tulikwenda Columbus na gari lake, mwendo wa zaidi ya saa tatu. Tulipoupita mji wa Cincinnati nilimkumbusha ahadi. Alipiga usukani kwa vidole.

“Nimefikiria,” alisema. “Tusifute. Tutengeneze sehemu ya pili. Unampigia baba yako simu mbele ya kamera. Anapokea. Unalia. Baba amepatikana. Unaona? Kila mtu atafurahi, na baba yako pia atajulikana.”

Nilitazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Klabu iliyotualika ilikuwa mtaa wa Clintonville, jengo zuri la matofali, na ukumbi ulijaa. Nyuma walisimama vijana watatu, Watanzania wanaosoma pale, wamekuja mahsusi. Kocha alipovua koti na kuwapa watu mgongo, mmoja wao aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mwingine alinisogelea nilipokuwa najifunga mkanda.

“Shikamoo kaka. Huyu mzee anajua kilichoandikwa mgongoni?”

“Marahaba. Hajui.”

“Nani kamwandikia?”

“Mimi.”

Alinitazama, akarudi kwa wenzake, na nikaona kwamba hakuwa anacheka tena sana.

Kocha alisema maneno yake ya kila siku kuhusu sakafu, akanionyesha kwa mkono, akasema, “Ndugu yangu kutoka vitani.” Watu walipiga makofi kwa upole, kama wanavyopiga msibani. Kisha akanishika kola kwa ajili ya ule mtupo wa sekunde tisa. Akajipenyeza chini ya kifua changu. Mimi nikashusha nyonga, nikautia mguu wa kushoto mahali pake, pale alipouweka yeye mwenyewe wiki ile simu ilipokuwa kwa fundi.

Hakuweza kuninyanyua.

Alijaribu tena. Nilisikia pumzi yake sikioni. “Ruka,” alinong’ona.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mwili wangu ulikuwa unalijua kitambo. Miaka mitatu nilikuwa namrukia. Akivuta, mimi mwenyewe nilijirusha, kwa mazoea, kwa heshima, sijui kwa nini. Ile miguu inayopaa mtandaoni ilikuwa inapaa kwa nguvu zangu.

“Leo siruki,” nilimwambia.

Akajaribu mara ya tatu, kwa hasira sasa, akaupeleka uzito wote kwenye mguu mmoja, na mimi nikaupiga mtama mguu huo bila kufikiri. Kocha alikwenda juu, akaja chini. Alianguka vizuri sana. Alikunja kidevu, akapiga mkono, ukumbi mzima ukalia kama ngoma. Alilala chali akitazama dari, na usoni mwake ikaja furaha ambayo sijawahi kuiona kwake mbele ya kamera wala nyuma yake.

“Hiyo,” alisema, “hiyo ndiyo judo.”

Ningemsamehe pale. Nusu dakika nzima nilimpenda. Kisha akainuka, akajipangusa nywele, akauliza kwa sauti nani amerekodi, akasema tafadhali wafute.

Tulirudi Louisville kwa gari lake. Aliniacha kituo cha basi, si mlangoni. Wiki mbili baadaye ukumbi ulikuwa mtupu, mikeka imechukuliwa, na wazazi wa Beechmont wakawa wananiuliza mimi watoto wao watafundishwa na nani. Nilianza kuwafundisha, kwenye zulia lililoletwa na mchungaji, na nilifundisha kwanza kuanguka kwa mpango uleule wake, kwa kuwa sikujua mpango bora zaidi. Video ya baba ilikuwa bado haijafutwa.

Baba alipokea simu mwezi wa nne tangu kufa kwake. Mdogo wangu aliwaita wazee, mbuzi akachinjwa, nikazungumza nao kwa simu iliyowekwa juu ya kigoda, nikaeleza tangu mwanzo, nikaomba. Kisha sauti yake: “Nimekusikia. Sasa niambie, huko Marekani unakula vizuri?” Tangu siku ile hadi leo akimaliza kuzungumza anasema, “Haya, mimi marehemu nalala.” Watu hucheka. Mimi pia hucheka, baada ya muda kidogo.

Ilipita kama miaka miwili. Dada yangu anaishi Buffalo, mtaa wa Lower West Side, na alijifungua, nikaenda kwenye ubatizo wa mtoto. Siku ya tatu aliitwa kwenye kituo cha kutunza wazee alikokuwa akifanya kazi, asaini karatasi za kurudi kazini, akaniomba nimsindikize.

“Kule kuna muzungu moja anakujuaka,” alisema tukitembea kutoka kituo cha basi, mtoto mgongoni kwangu chini ya koti. “Anasema mulicheza naye. Anasemaka Kiswahili, bamama ba kazini bamemufundisha.”

Niliijua ile shingo kabla hajageuka. Ilikuwa imekonda. Alivaa sare ya buluu kama wahudumu wengine, na alikuwa amemwinamia bibi mmoja kitandani. Aliingiza bega chini ya kwapa la bibi, akajipenyeza, akainuka naye taratibu, akageuka na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. Niliujua ule mtupo. Sikuwahi kuuona ukifanywa polepole.

“Bazee banamupendaka,” dada alininong’oneza. “Hajaangusha mutu.” Akamchukua mtoto wake mgongoni kwangu, akaenda naye ofisini, akaniacha mlangoni.

Kocha aliniona. Alimfunika bibi blanketi magotini kwanza, ndipo akaja. Alinisalimia kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Kivu kilichovunjwavunjwa mdomoni mwa Mhungaria.

“Habari, rafiki. Miye nakaa hapa sasa.”

“Naona,” nilisema. Nilitazama huku na huku kutafuta kistendi. Hakikuwepo.

“Bamama banafundisha Kiswahili. Siku moja, saa ya kula, miye nasikiliza video.” Alitafuta maneno, anaweka moja baada ya jingine kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. “Unasema umechoka. Unasema haujakula.”

“Ndiyo.”

“Hausemi baba.”

“Sikusema baba.”

“Nimefuta,” alisema. Ilikuwa kweli; nilikuwa nimeona kwamba kwake haipo. Zilizobaki zilikuwa za watu wengine, na hizo hazifutiki. Akaniinamia kidogo, kama tunavyoinama kwenye mkeka. “Pole.”

“Pole anaambiwa mgonjwa,” nilimwambia. “Au mtu aliyebeba mzigo. Aliyekosa hasemi pole.”

“Anasema nini?”

“Anasema unisamehe.”

Alilirudia kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza, kama alivyowahi kujifunza neno jingine kwangu. Kisha akasema, “Unisamehe. Juu ya baba yako.”

“Nimesikia,” nilisema.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Kocha hakuondoka. Alipeleka mkono nyuma, akagusa mgongo wake kwa kidole gumba, kutoka bega hadi bega, taratibu.

“Mwaka mzima,” alisema, “miye nilivaa.”

Hakuwa na hasira. Alisimama tu mbele yangu, mikono imeshuka, akisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatazama kitu kingine nyuma ya bega langu. Bibi kwenye kiti alikuwa ametugeukia. Nililijua neno analolisubiri. Nilikuwa nimemfundisha dakika ile ile.

Nikamwambia basi litaniacha. Nikamwachia dada ujumbe mapokezi kwamba tutakutana nyumbani, nikatoka. Basi lilikuwa bado dakika arobaini. Nililisubiri nje, kwenye theluji, na sikurudi ndani kuota moto.